Wenye hela ya kuungaunga mnachaguaje ndege? Mimi bei ya chini imenikosesha mazishi ya mjomba

Mwana Igoma
Wakuu habari za usiku. Naandika huu uzi bado moyo haujatulia, mtanivumilia kama nitarefusha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenisomesha kuanzia form one mpaka nikamaliza, alifariki Mwanza usiku wa kuamkia Jumatano. Mimi niko Mbagala. Simu nimeipata saa sita mchana, naambiwa mazishi kesho baada ya alasiri, Igoma. Sisi maiti hatuiweki, kwaiyo hata ningelia wanisubiri isingewezekana.

Mfukoni nna laki tatu na kumi. Nikaingia mtandaoni nikakuta mbili zinanifaa. Moja inaondoka saa 12 asubuhi, 295,000. Nyingine saa 2 asubuhi, 228,000. Nikapiga hesabu, hapo kuna tofauti ya 67,000, hiyo naiweka kwenye rambirambi, na saa 2 bado ni mapema maana ndege kwenda Mwanza ni saa moja na nusu tu, ukiichelewesha sana masaa mawili. Nikakata ya 228. Shemeji yangu akaniambia twende zetu na basi la saa 11 jioni hii hii, nikamwambia wewe tangulia mimi nitakukuta umelala.

Nimefika eapoti saa 11 alfajiri. Saa 1 na nusu meseji inaingia, ndege imesogezwa mpaka saa 4. Nikasema sawa. Saa 4 ikafika kimya. Saa 5 na dakika 20 dada wa kaunta anakuja na karatasi mkononi, anasema ndege ina hitilafu, safari imefutwa, tutawapeleka kesho. Kesho! Nikauliza leo hakuna nyingine? Akasema sisi huwa tuna moja tu kwa siku. Nikakimbilia kaunta ya wale wa kwanza, wana ndege ya saa 8 mchana, siti zimebaki chache, 418,000. Mimi nimebaki na themanini na mbili elfu.

Saa 10 na robo nimekaa kwenye kiti cha bati pale nje, mdogo wangu kapiga simu kaiweka wazi ili nisikie dua. Nimesikia mpaka majembe. Basi alilopanda shemeji lilikuwa limeshafika Mwanza tangu saa 5 asubuhi.

Sasa dua ya arobaini inakuja na lazima nimpeleke mama. Magoti yake basi hayawezi. Nna kama laki nane ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, kurudi mimi naweza kupanda basi. Naomba mnisaidie, mnaangalia nini mkichagua shirika? Siulizi wa kampuni wanaolipiwa, nauliza sisi wa kuungaunga.

Nuru ya Bunju
Innalillahi. Pole sana kaka. Hapo kwenye majembe nimeshindwa kuendelea kusoma.

Kijana Tabata
Pole mkuu. Ila mi nitasema ukweli wangu, mtu asiye na hela anachagua kwa bei, mengine yote ni maneno. Ndege yangu ya kwanza maishani ilikuwa Fastjet mwaka 2013 kwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro. Wale jamaa waliingia Novemba 2012 na tangazo la nauli kuanzia 32,000 kabla ya kodi, mtaani watu wakadhani ni uongo. Kabla ya hapo mimi ndege nilikuwa naiona ikipita juu ya nyumba. Nilikata tiketi mwezi mmoja na nusu kabla, na kodi zake na begi nililolipia bado ilikaribia nauli ya basi zuri la kwenda Moshi. Mama yangu mzazi alivaa kitenge kipya siku hiyo kunisindikiza.

Walivyoondoka mwishoni mwa 2018 nikajua raha imeisha, ila somo lilibaki. Ukikata mapema unapata bei. Ukikata siku ya msiba utalipa bei ya msiba, popote pale. Kosa halikuwa lako mkuu, ni muda tu.

Mkata Tiketi Posta
Pole sana Mwana Igoma. Niko kwenye ofisi ya tiketi mwaka wa kumi na moja sasa, naomba niongee taratibu maana hili jambo linaniuma, nakutana nalo kila wiki.

Kijana Tabata yuko sahihi kwenye muda. Ndege moja, siti zile zile, zina madaraja ya bei mengi kweli. Ukiangalia tiketi yako utaona herufi, hilo ndio daraja la nauli. Wanaanza kuuza zile za chini, zikiisha mfumo unahamia za juu yake, ndio maana asubuhi umeona 228 jioni unaikuta 260 na hakuna aliyekuibia. Zile za mwisho kabisa zinawasubiri wenye msiba, mgonjwa na kikao cha ghafla. Na kwenye ile bei ya ndani ya nchi kuna VAT na ada ya eapoti 10,000 na tozo nyingine ndogondogo, kwaiyo hata shirika likitaka kukuonea huruma kuna pesa si yake.

Lakini mkuu, bei na muda sivyo vilivyokuumiza. Kilichokuumiza ni lile jibu la dada wa kaunta, "tuna moja tu kwa siku".

Swali ambalo mtu wa hela ndogo anatakiwa kuuliza kabla hajalipa ni hili: hii ndege isipoondoka, ya kwao inayofuata ni saa ngapi? Mwenye hela akikwama anatoa kadi ananunua ya jirani, wewe huna hiyo kadi. Kwaiyo anayehitaji sana shirika lenye ndege nyingi kwa siku ni maskini kuliko tajiri, na ndiye asiyeulizaga. Shirika lenye safari tatu kwa siku kwenda Mwanza likikufutia ya asubuhi wanakusukuma ya mchana. Lenye moja wanakusukuma kesho. Ile 67,000 uliyookoa ndiyo ilikuwa bei ya ndege ya pili.

Jambo lingine ambalo abiria hawalioni. Ndege haikai inakusubiri wewe. Hiyo ya kwako ya saa 2 inawezekana saa 11 ilikwenda Dodoma kwanza au KIA, ikarudi, ndio ije ikuchukue. Ikichelewa huko nawe umechelewa, na anayeondoka baada yako kachelewa zaidi. Ndege ya jioni inabeba uchelewaji wa siku nzima. Ile ya kwanza kabisa asubuhi mara nyingi imelala hapa hapa Dar, fundi kaishika usiku. Kama una jambo lenye saa, mazishi, interview, miadi ya daktari, panda ya kwanza, na kama uwezo upo panda siku moja kabla.

Mnyaki Uyole
Naunga mkono ila kwetu Mbeya hiyo ya "panda ya kwanza" msiibebe hivo hivo. Uwanja wetu wa Songwe una ukungu aisee. Miezi ya baridi asubuhi unaweza usione mti wa pale barabarani. Nimeshakuwa kwenye ndege tumeizunguka Songwe, rubani anasema anasubiri ukungu upande, mwisho tukarudishwa Dar na chai yetu. Tulipofika Dar wakatupanga ya saa 7 mchana tukatua jua linawaka kama hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo nikienda nyumbani Juni, Julai, nakata ya mchana. Kila njia na tabia yake, muulize mwenyeji wa unakokwenda sio wa unakotoka.

Na ongezeni nauli ya kufika mjini. Uwanja ni mbali na Mbeya mjini, ukitua usiku peke yako teksi inakula kile ulichookoa.

Mama Sampo Kkoo
Poleni wafiwa. Mwanangu Mwana Igoma nakuita mwanangu maana nna wa umri wako.

Mimi nachagua kwa kilo. Sijui madirisha, sijui chakula, mimi naulizaga kilo. Nimeenda Guangzhou mara nyingi tu na mwanzoni nilikuwa nafanya kama wewe, naangalia tarakimu kubwa ile inayong'aa kwenye simu. Safari moja nikapata tiketi imeshuka kuliko za wenzangu kwa kama laki mbili hivi, nikajiona mjanja. Kurudi nafika kaunta na mabegi mawili ya sampo, yaani mifano ya kuonyesha wateja, za madera na viatu vya watoto, naambiwa tiketi yangu ni begi moja. Begi la pili lilipie. Alichonitajia yule kijana kilizidi ile laki mbili karibu mara mbili.

Nilifungua begi pale chini, watu wanapita. Nikavaa madera matatu juu ya nguo zangu, nikaweka viatu mifuko ya koti, nikapima tena, mzani unasoma 27. Nikatoa tena. Kilichobaki nikampa dada mmoja wa Kikongo aliyekuwa na nafasi, Mungu ambariki, alinifikishia mpaka Addis, kisha tukagawana.

Siku hizi naenda na Ethiopian au yeyote anayenipa mabegi mawili ya kilo 23, hiyo ni 46, na ninaigawa nauli kwa kilo. Nauli milioni mbili kwa kilo 46 na nauli milioni moja laki nane kwa kilo 23, ipi rahisi hapo? Hata mtoto wa la nne atakwambia. Na wale Waethiopia ukiunganisha Addis ukakaa zaidi ya masaa 8 kwasababu hakuna ndege ya mapema, wanakupa hoteli na chakula, ila uliza wakati unakata, sio umefika uwanja wa Bole umechoka ndo unaanza kugombana. Mzigo mkubwa unakuja na kontena, lakini sampo lazima nitembee nazo, bila sampo mteja wangu wa Mwanza na Kahama hanielewi.

Kwa safari ya mama yako muulize anabeba nini. Anakwenda arobaini, atabeba mchele, atabeba maji ya dukani, atapewa samaki na dagaa kurudi nao. Pima nyumbani. Mzani wa kuning'iniza unauzwa Kariakoo bei ya kawaida tu.

Kijana Tabata
Mama hapo kwenye kugawa kwa kilo umenifunza kitu. Lakini mimi nasafiri na begi la mgongoni tu, kwangu hizo kilo ni hasara, nazilipia za nini?

Mama Sampo Kkoo
Basi wewe chukua ile isiyo na begi baba, hukosei. Ila soma vipimo vya hilo la mgongoni. Wengine ni kilo 7 na wanapima kweli.

Mlikoni
Assalaam aleikum, na pole kwa msiba ndugu yangu wa bara. Nami niko Mombasa, wacha niwape ya huku.

Jambojet ilipoanza Aprili 2014 na nauli ya kuanzia shilingi 2,850 za Kenya kwenda Nairobi, huku pwani watu waliingia ndege kama wanaingia matatu. Halafu Juni 2017 ikaja reli, Madaraka Express, shilingi 700 mwanzo, kisha elfu moja, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Kila mtu akasema sasa ndege basi. Mie nikasema hebu tuhesabu kutoka mlangoni hadi mlangoni.

Nyumba yangu iko Likoni. Nikipanda treni navuka feri, nitoke mjini mpaka Miritini, nifike mapema nipange mstari mzigo unuswe na mbwa, masaa matano na zaidi reli, nishukie Syokimau, tena nitafute gari la kuingia mjini. Nikipanda ndege navuka feri, naenda uwanja wa Moi pale Port Reitz, chini ya saa moja angani, natua JKIA, na yenyewe si katikati ya mji pia. Treni inanila siku nzima ya kazi. Mie ni fundi wa friji, siku yangu ina bei, kwa hivyo naijumlisha kwenye tiketi. Nikipata ndege ya elfu tano na kitu, imeshakaribiana na treni. Ikifika elfu tisa naikimbia, napanda treni na mkate wangu wa mayai.

Watoto wanne na mama yao ni treni, hapo hakuna mjadala, tofauti ya bei inajizidisha mara tano. Mtu mmoja mwenye kazi kesho asubuhi ni ndege. Kwa hivyo usiulize tu shirika gani, uliza mnasafiri wangapi na siku yako ina thamani gani.

Nuru ya Bunju
Hata sisi treni mpya ya SGR ya Dodoma imeua safari zangu za ndege. Tangu Agosti 2024 sijapanda ndege kwenda Dodoma, 31,000 nakaa kwenye kiti nalala naamka nimefika. Ila Mwanza SGR haijafika kwaiyo hatuna ujanja.

Ta Kashozi
Jamani mnaongea bei na kilo, usalama je? Mimi ni mtu wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 sijaisahau, ile ndege imeingia ziwani watu 43 ndani, 19 hawakurudi, tuliona wavuvi wetu wanaivuta kwa kamba. Mimi tangu hapo ndege ya pangaboi sipandi, nitalipa zaidi nipande jeti mpaka Mwanza kisha nipande meli au basi.

Mkata Tiketi Posta
Ta Kashozi pole, naelewa, na siwezi kumwambia mtu asiogope. Naomba tu niseme ninalolijua. Uwanja wa Bukoba ni mfupi na uko kando ya ziwa, jeti kubwa haziendi pale, kwaiyo anayetaka kushukia Bukoba ni pangaboi au aende kwa njia nyingine kama unavyofanya wewe. Zile pangaboi za ATR na Q400 ni ndege zinazobeba watu dunia nzima kwenye safari fupi, hazijawekwa kwetu kwasababu sisi maskini. Zinakula mafuta kidogo, ndio maana njia zenye abiria wachache zinapata ndege. Zikiwekwa jeti huko nauli ingekuwa nyingine kabisa.

Na mtu ataleta ile habari ya Umoja wa Ulaya, Juni 2025 waliyaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania kwenye orodha yao ya kutoingia kwenye anga lao. Ni jambo zito na mamlaka zetu zinatakiwa zilifanyie kazi. Lakini kwa abiria wa Dar Mwanza halikusaidii kuchagua, maana wote waliwekwa humo, mkubwa na mdogo. Ukiwa na wasiwasi na hali ya hewa, sema, ahirisha, na rubani akisema harukiki usimtukane. Nimeona abiria wanamtukana rubani kwasababu kakataa kuruka kwenye mvua, inaniuma sana. Wallahi yule ndiye anayekupenda kuliko wote pale eapoti.

Ta Kashozi
Hapo mwisho nimekuelewa. Sawa.

Binti Seeb
Salaam kutoka Muscat. Mimi nafanya kazi za ndani huku mwaka wa nne, nataka niwaambie wenzangu hasa wadada mnaokuja huku kuhusu kuunganisha tiketi.

Likizo yangu ya kwanza nilijikatia mwenyewe. Moja kwa moja mpaka Dar ilikuwa ghali, rafiki yangu akanionyesha kata mpaka Dubai na shirika moja, halafu Dubai mpaka Dar na jingine, utaokoa riali 35. Riali 35 kwangu sio mchezo, ni ada ya mwanangu. Nikakata tiketi mbili. Ya kwanza ikachelewa masaa matatu. Nafika Dubai ya pili imeshaondoka, naenda kaunta wanasema sisi hatukujui, tiketi yako ni ya shirika lile, na shirika lile linasema sisi tulikufikisha Dubai kazi yetu imeisha. Nililala kwenye viti usiku mbili. Begi langu lilikuwa upande wa kutoka na mimi nipo upande wa ndani, sina hata mswaki. Nikanunua tiketi mpya kwa hela niliyokuwa nampelekea mama.

Ukiwa na tiketi moja, namba moja ya bukingi, hata ndege zikiwa za mashirika mawili, wa kwanza akikuchelewesha wanahangaika wao kukufikisha. Ukiwa na tiketi mbili unahangaika wewe. Hiyo ndiyo tofauti na haiandikwi popote kwa wino mkubwa. Sasa mimi nakata moja tu hata ikizidi riali 20, na nahakikisha mapumziko ya katikati yasiwe chini ya masaa mawili.

Na mwajiri akikukatia, mwombe karatasi uisome, uone kilo, uone kama unaweza kubadilisha tarehe. Wengi wanakatiwa ile ambayo ukikosa siku yako hela yote imekwenda.

Mkata Tiketi Posta
Binti Seeb umesema neno kubwa. Hiyo ya kubadilisha tarehe ndio watu hawasomi. Tiketi mbili zimepishana elfu thelathini, moja ukibadilisha unalipa faini kidogo na tofauti ya nauli, nyingine ukibadilisha hupati kitu zaidi ya kodi. Jiulize mwenyewe hii safari inaweza kusogea? Ya harusi haisogei, chukua ya bei ya chini. Ya kumpeleka mgonjwa inasogea sana, daktari anaweza kusema rudi Jumatatu, chukua ile inayobadilika.

Na Mwana Igoma, hela yako ya ile 228 uliidai? Ndege imefutwa na wao, ni haki yako. Andika barua pepe, ambatanisha tiketi na ile meseji ya kusogezwa. Wakikuzungusha, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wana baraza la watumiaji wa usafiri wa anga, TCAA-CCC, peleka pale. Usiogope, barua haihitaji wakili.

Mwana Igoma
Nimesoma zote mara mbili, mama nimemsomea na za Mama Sampo akacheka mara ya kwanza tangu msiba. Asanteni sana.

Hela sikuidai, siku ile simu ya mazishi ilivyokatika niligeuka nikaondoka na daladala. Leo nimeandika barua pepe, nimeambatanisha vyote.

Sasa nimewaza hivi, mnirekebishe. Kwenda kuna saa, dua ni Jumamosi asubuhi, mama asipofika sitajisamehe. Kurudi hakuna saa, hata akichelewa siku moja atalala kwa dada yake. Kwaiyo kwenda nisikimbizane na bei, nikate Alhamisi ile ya kwanza ya asubuhi kwa wenye ndege nyingi. Kurudi nimkatie ile rahisi yenye moja kwa siku. Mimi basi.

Mkata Tiketi Posta
Sina cha kukurekebisha. Kata leo, usisubiri mwisho wa mwezi. Na mwombee mama wheelchair unapokata, ni bure, wanampokea mlangoni, hapangi foleni na hapandi ngazi kwa magoti yale. Ukiomba siku ile ile unaweza kukuta zimeisha.

Mlikoni
Na mfike mapema, kaunta ikifungwa imefungwa. Kutoka Mbagala asubuhi si masihara.

Mama Sampo Kkoo
Mchele usizidishe. Mwanza mchele upo tena mzuri kuliko huu wetu.

Mwana Igoma
Wakuu narudi na mrejesho.

Tiketi nilizipata mwezi mmoja kabla, kwenda 214,000 kila mmoja, kurudi kwa mama 186,000. Jumla 614,000, na basi langu bado nimebakiwa na hela ya sadaka. Wale wa 228 walijibu barua baada ya siku tisa, wakaniomba namba ya akaunti, hela iliingia juzi.

Alhamisi tumetoka Mbagala saa 8 na nusu usiku na bajaji ya jirani mpaka eapoti. Kijana wa wheelchair alikuwa anamsubiri mama kwenye mlango, jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Begi lilisoma kilo 21. Ndege ilichelewa dakika 25, mimi moyo ulikuwa unadunda mpaka mama akanishika mkono. Tulivyoanza kushuka akaniuliza yale mawe meupe majini ni nini, nikamwambia mama hilo ndio ziwa, hiyo ndio miamba ya Bismarck, umekulia hapa. Akasema kutoka chini hayaonekanagi hivi.

Naandika niko Igoma. Mama amekaa kwenye mkeka na dada zake watatu, wanachambua mchele wa kesho, na kaburi la mjomba nimelifikia jana jioni.